MTEJA MSUMBUFU NA MALI KAULI

Somo kwa vikundi vya uzalishaji na kamati za maendeleo za parokia



Taarifa nyingi za vikundi hufuata mpangilio mmoja. Huanza na idadi ya wanachama, kisha idadi ya kuku, ng'ombe au miche, kisha kiasi kilichovunwa na kuuzwa. Mwishoni kabisa kuna mstari mmoja unaosema "wadaiwa". Sisi tunashauri taarifa ianze kusomwa kutoka mstari huo. Katika Wilaya ya Rungwe ardhi haimsumbui sana mtu: mvua ni ya kutosha, udongo wa volkano una rutuba, na ukipanda mgomba, utaota. Kinachoua kikundi mara nyingi si shamba wala banda. Ni ile safari ya kutoka shambani mpaka kwa mnunuzi, na ile nyingine, ndefu zaidi, ya kufuata fedha.

Somo la toleo hili linahusu safari hizo mbili. Tunaomba kamati ilisome kwa pamoja, na mweka hazina wa kikundi awe na daftari lake mezani.

NANI HASA NI MSUMBUFU?

Tuondoe kwanza dhana moja. Mteja anayelalamika si lazima awe msumbufu. Mwenye mgahawa wa Tukuyu mjini anayesema mayai ya juzi yalikuwa na uchafu, au kwamba maziwa yalichelewa mpaka chai ya asubuhi ikaisha, anatupa ushauri wa bure ambao mtaalamu angeudai posho. Anaweza kusema kwa ukali. Anaweza hata kutuaibisha mbele za watu. Lakini mtu huyo bado anataka mali yetu, ila anaitaka iwe nzuri.

Yupo mwingine mpole, mwenye tabasamu, anayetuuliza habari za watoto na kutukaribisha chai. Kila tukimfuata anasema, "Mama, njoo Ijumaa." Ijumaa tunamkuta, anacheka, anasema, "Jamani, mngenipigia simu kwanza!" Huyo hajawahi kupandisha sauti, na ndiye anayekula mtaji.

Kwa hiyo tunapomwita mtu msumbufu tuangalie anachotugharimu, wala si namna anavyosema. Kwa mazingira yetu ya Rungwe tunaona usumbufu wa aina tatu ambao unastahili somo: mteja anayekataa mali, mteja anayechezea kipimo, na mteja asiyelipa. Huyu wa tatu tutakaa naye muda mrefu kuliko wenzake.

MALI INAPOKATALIWA

Maziwa ni mfano mzuri. Mfugaji hutembea asubuhi na ndoo au kopo lake mpaka kituo cha kukusanyia, mpokeaji anapima, anatikisa kichwa, na lita kumi zinarudi nyumbani. Mfugaji anaondoka akiamini ameonewa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kabla ya kuamini hivyo, ni vema ajue kinachopimwa.

Kipimo cha kwanza ni laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa halisi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 1.026 na 1.032. Yakishuka chini ya hapo, mpokeaji ana sababu ya kushuku maji. Kipimo cha pili ni cha spiriti: maziwa na spiriti huchanganywa kwa kiasi sawa, na yakigandamana hayapokelewi. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, maana mfugaji hakuongeza maji hata tone. Kugandamana kwa spiriti hakumaanishi maji. Kunaweza kumaanisha kwamba maziwa yameanza kuchachuka, kwamba ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au kwamba ng'ombe amezaa siku chache tu zilizopita na bado anatoa maziwa ya mwanzo, yaani dang'a. Maziwa ya jioni yaliyolala ndani ya dumu la plastiki, hata kwa baridi ya Juni ya Tukuyu, hayana hakika ya kupita asubuhi. Dumu lina shingo nyembamba na mkono hauingii kusugua ndani, na vijidudu vinajua hivyo kuliko sisi.

Kikundi kinachopeleka maziwa kinunue laktomita yake. Si kifaa cha bei kubwa. Kikipima nyumbani kabla ya kuondoka, mambo mawili hubadilika: mwanachama anayeongeza maji anajulikana ndani ya kikundi kabla ya kutuharibia jina nje, na mpokeaji anayekataa ovyo anakutana na mtu mwenye namba yake mkononi. Hapo mazungumzo ni ya watu wawili waliopima. Tunaweza kusema, "Kaka, sisi tumepata 1.029 saa kumi na mbili asubuhi. Tupime tena pamoja." Neno "pamoja" hapo linafanya kazi kubwa kuliko kupiga kelele.

Ndivyo ilivyo kwa parachichi za aina ya Hass zinazonunuliwa kwa ajili ya kusafirishwa nje. Tunda lililoanguka, lililochubuka, lililotoka bila kikonyo au lisilokomaa litakataliwa, na anayelikataa anajua kwamba mwisho wa safari kuna mwingine atakayemkatalia yeye. Cha kudai si kwamba achukue yote. Cha kudai ni kwamba uchambuzi ufanyike mbele yetu, shambani, siku ya kuvuna, na yaliyokataliwa yabaki kwetu. Tunda lililokataliwa shambani linaweza kuuzwa sokoni. Linalosemwa limekataliwa huko mbali, kwa simu, hatulioni tena.

Hapa sheria inasaidia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kukagua mali kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea. Lakini akikaa nayo kwa muda unaozidi ule unaofaa bila kusema kwamba anaikataa, sheria inamhesabu ameipokea. Muda unaofaa kwa maziwa si sawa na muda unaofaa kwa maharage. Mwenye duka aliyechukua gunia la maharage mwezi Machi hawezi kuja Juni, fedha zinapodaiwa, akasema yalikuwa na wadudu.

LUMBESA NA MKUNGU

Wanaolima viazi maeneo ya Isongole na Ndanto wanaijua lumbesa kuliko sisi. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na kilemba hicho hakina bei. Tufanye hesabu. Tuseme tumepatana sh. 60,000 kwa gunia la kilo 100. Ni sh. 600 kwa kilo. Gunia lenye kilemba likifika kilo 130 kwa bei ileile, kilo moja imeuzwa kwa sh. 461 na senti. Kwa magunia 20 mkulima ametoa kilo 600 za ziada, yaani magunia sita, ambayo kwa bei waliyopatana ni sh. 360,000. Fedha hizo zingetosha kununulia pembejeo. Amempa mtu asiyemfahamu hata jina.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na Wakala umesema mara nyingi kwamba mazao yauzwe kwa mizani na kwamba gunia lisizidi kilo 100. Basi kwa nini lumbesa haifi? Kwa sababu mkulima anauza peke yake, barabarani, jioni, mvua inanyesha, na jirani yake yuko tayari kukubali. Mnunuzi hahitaji kubishana. Anawasha gari tu.

Kwa maoni yetu hakuna maneno matamu ambayo mkulima mmoja anaweza kumwambia mnunuzi wa namna hiyo. Dawa yake si ufundi wa kuzungumza. Dawa ni wauzaji kumi waliokubaliana siku moja ya kuuza, sehemu moja, kwa mizani moja iliyohakikiwa na kugongwa muhuri wa Wakala. Kamati ya parokia inayotafuta mradi mdogo wa kuombea fedha, mizani ya namna hiyo na banda la kuikinga na mvua ni ombi ambalo mhisani yeyote ataelewa.

Ndizi zina shida yake. Mkungu huuzwa kwa macho, na macho ya mnunuzi daima huona mkungu mdogo. Ndizi hizo zinasafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam, nyingine zikishushwa kwenye soko la Mabibo, ambako eneo la ndizi lenyewe huitwa Mahakama ya Ndizi. (Mahakama hiyo, kwa bahati mbaya, haisikilizi madai ya wakulima.) Mnunuzi hutuambia bei ya huko imeanguka. Pengine imeanguka kweli. Siku hizi mtu mmoja wa kikundi anaweza kumpigia simu ndugu yake aliye Dar es Salaam kabla ya gari kufika Kiwira, akajua bei ya asubuhi ile. Gharama yake ni dakika mbili za maongezi. Tunashangaa ni vikundi vingapi vyenye simu tano hadi kumi ambavyo havifanyi hivyo.

MALI KAULI

Sasa tufike kwenye kiini. Mali kauli ni mali inayotolewa kwa neno: chukua, uza, utanilipa. Biashara ndogo ya nchi hii isingekuwepo bila mali kauli, na hatutaki mtu asome somo hili akadhani tunaipiga marufuku. Mwenye duka la Ushirika hana fedha za kununua trei kumi za mayai kwa mkupuo. Tukimnyima, atachukua kwa mwingine. Suala ni kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na nani ameandika.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wenye kuku wa mayai 100. Tuseme trei moja inawagharimu sh. 8,000 mpaka kumfikia mteja, nao wanauza sh. 9,000. Faida ni sh. 1,000. Mteja mmoja akichukua trei moja asilipe, wengi watasema tumepoteza elfu tisa. Ni zaidi ya hapo ukiitazama kwa kazi. Ili kurudisha sh. 8,000 walizotumia, inabidi wauze trei nyingine nane na kulipwa zote, na katika trei hizo nane hawapati kitu. Trei moja isiyolipwa imekula faida ya trei nane. Trei tano zisizolipwa zimekula faida ya arobaini.

Wakati huohuo kuku hawasubiri Ijumaa. Kuku wa mayai hula takribani gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12, yaani mfuko wa kilo 50 unaisha siku ya tano. Kikundi chenye fedha zake zote kwa wateja hununua chakula nusu, kuku hupunguza kutaga, na mwezi unaofuata taarifa huandika "kuku wamepata ugonjwa". Kamati inatafuta mtaalamu wa mifugo. Ugonjwa uko kwenye daftari.

Basi kikundi kifanye nini? Kwanza, kila mteja awe na kikomo chake kilichoandikwa kabla hajachukua. Mteja mpya analipa taslimu kwa mwezi wa kwanza. Akionekana mwaminifu, apewe trei mbili kwa mali kauli, kisha nne. Kikomo kiamuliwe na mkutano na si na yule mama anayebeba mayai, kwa sababu yeye ndiye anayeombwa uso kwa uso. Mteja akiomba zaidi, mama anajibu kwa ukweli kabisa: "Baba, mimi ningekupa, lakini kikundi kimeniwekea nne." Hakuna aliyevunjiwa heshima. Ukatili wote umebebwa na kikundi, ambacho hakina uso.

Pili, mali mpya hutolewa ya zamani ikiwa imelipwa. Utaratibu huu ni mwepesi kuusema na mgumu kuushika, maana siku ya pili mteja atakuwa na nusu ya fedha, na ataomba apewe mali yote. Tunashauri apewe mali ya nusu aliyolipa. Kikundi kikilegea mara moja tu, deni halirudi nyuma tena. Linapanda kama maji ya Mto Kiwira mwezi Aprili.

Tatu, daftari. Tarehe, jina, idadi, bei, jumla, tarehe ya kulipa, sahihi ya aliyepokea. Si sahihi ya aliyepeleka. Tumekwisha kuona madaftari mazuri yenye mistari iliyonyooka ambayo hayana sahihi hata moja ya mteja, na daftari la namna hiyo ni kumbukumbu ya huzuni tu. Mtoto wa duka akipokea kwa niaba ya mwenye duka, aandike jina lake, na siku hiyohiyo mwenye duka apelekewe ujumbe wa simu: "Leo tarehe 4 tumekuachia trei 4, jumla 36,000, kulipwa tarehe 11. Asante." Ujumbe huo haugombanishi mtu na ni ushahidi.

Nne, anayepeleka mali asiwe ndiye anayetunza kitabu cha fedha. Hatusemi hivi kwa kushuku wanachama. Tunasema kwa sababu mtu mmoja akifanya yote mawili, kila mteja mwenye deni anaweza kudai, "Nilimlipa mwenzenu," na kikundi kinaanza kutazamana kwa macho mabaya wakati mdaiwa amekaa dukani kwake anakunywa soda.

KWENDA KUDAI

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayedai naye hana raha. Wengi huahirisha kwenda mpaka hasira ijae, kisha huenda na kufoka mbele ya wateja wa mwenye duka, na kuanzia hapo mdaiwa ana sababu ya kutolipa: ametukanwa.

Nenda asubuhi kabla duka halijajaa. Nendeni wawili. Chukueni daftari. Msalimie kama inavyopasa, ukae ukikaribishwa, na useme jambo lako mapema kabla chai haijaletwa, maana chai ikishanyweka maneno yanakuwa mazito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Habari za kikundi?"

"Nzuri, baba. Tumekuja na daftari. Tarehe 4 ulipokea trei nne, tarehe 11 ukatulipa mbili. Zimebaki mbili, sh. 18,000. Tumekuja tupatane siku."

"Aa, biashara ngumu wanangu. Nitawatafuta."

"Tunajua ni ngumu, baba. Leo una kiasi gani?"

Swali la mwisho hilo ndilo lenye nguvu. "Utalipa lini?" hujibiwa kwa hewa. "Leo una kiasi gani?" hujibiwa kwa mkono kuingia mfukoni. Akitoa elfu tano, pokeeni, mwandikie stakabadhi, na andikeni tarehe ya zilizobaki mbele yake. Hata elfu tano ina maana mbili: imepunguza deni, na mdaiwa amekiri kwa kitendo kwamba deni lipo.

Kuna jambo la mila ambalo wageni hulisahau. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake huepukana, na wapo wanaoishika desturi hiyo kwa uzito. Kumtuma mama kumdai mtu ambaye ni baba mkwe wake, au ndugu wa baba mkwe anayeheshimiwa vilevile, ni kumpeleka mahali ambapo hawezi kusema neno. Katibu apange watu akijua nani ni mkwe wa nani. Halimo katika kitabu chochote cha ujasiriamali, lakini katika Rungwe linaweza kuwa ndiyo sababu deni fulani halijawahi kudaiwa kwa mwaka mzima.

SHULE NA TAASISI

Shule ya bweni inayonunua maharage, ndizi na maziwa ni mteja mkubwa, na kikundi kikipata oda yake hufurahi kama kimepata mfadhili. Furaha hiyo isubiri mpaka maswali mawili yajibiwe: fedha za kulipa zinatoka wapi, na zinafika lini?

Shule binafsi na za kidini huishi kwa ada. Mihula ya nchi yetu huanza Januari na Julai, na ndipo wazazi hulipa. Ukipeleka maharage mwezi Mei, fedha za muhula zimekwisha kuliwa, na kwa uhalisia umeikopesha shule mpaka Julai. Shule za serikali zinategemea fedha zinazoletwa na serikali, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mkuu wa shule anayesema "fedha hazijaingia" mara nyingi anasema kweli, wala si mteja mbaya. Ni mteja mzuri mwenye kalenda isiyolingana na yetu. Tena tangu mwaka 2023 ununuzi wa taasisi za umma unapitia mfumo wa NeST, kwa hiyo kikundi kisichosajiliwa humo kinajifungia mlango chenyewe.

Usipeleke mzigo kwa taasisi kwa simu ya mpishi. Pata LPO, yaani hati ya kuagiza, yenye muhuri. Ukipeleka, chukua hati ya makabidhiano iliyosainiwa na mtunza stoo. Kisha peleka ankara ofisini kwa mhasibu siku hiyohiyo, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ankara isiyofika kwa mhasibu haipo, hata kama wanafunzi wamekwisha kula maharage na kuhitimu.

Na je, parokia? Tuseme wazi, kwa kuwa waraka huu husomwa na kamati. Kuna kamati ambazo huwasaidia akina mama kupata mtaji wa kuku, kisha inapofika sherehe au mkutano wa jimbo huchukua kuku na mayai ya kikundi hichohicho kwa ahadi kwamba watalipwa michango ikikusanywa. Michango hukusanywa, hulipa muziki na maturubai, na akina mama wanaambiwa watabarikiwa. Mama gani atasimama baada ya ibada kuidai parokia yake? Kwa hiyo sharti la kulipa liwe juu ya kamati yenyewe. Fedha za chakula zitengwe kwanza, mali ilipwe siku inapopokelewa, na kama mwanachama anataka kutoa sadaka ya kuku, atoe kuku wake mwenyewe, si wa kikundi.

UJUMBE WA UONGO

Kwa kifupi tu. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amekwisha kutuma fedha, ujumbe huo si fedha. Hata ujumbe uliofika kwenye simu yako unaweza kuwa umeandikwa na tapeli kwa maneno yanayofanana na ya kampuni. Piga namba ya huduma, angalia salio, ndipo gari lipakiwe. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kwa dakika moja ya kungoja. Na akipiga baadaye mtu akisema amekosea, arudishiwe fedha, jibu ni kwamba kampuni yenyewe ina utaratibu wa kurudisha miamala iliyokosewa.

KUACHANA NA MTEJA

Upo wakati wa kusema basi. Mteja ambaye kila mwezi anachukua trei kumi na kulipa saba anaonekana mkubwa kwenye daftari, lakini kwa hesabu ya mfano wetu anakula fedha zetu: trei saba alizolipa zimeleta faida ya sh. 7,000, na tatu asizolipa zimetugharimu sh. 24,000. Tungekuwa na hali bora kama tusingemfahamu. Aambiwe kwa upole kwamba kuanzia sasa ni taslimu tu, na deni la zamani ligawanywe kidogo kidogo. Ikiwa mali bado iko mikononi mwetu na hatujalipwa kama tulivyopatana, sheria ile ya Sura ya 214 inamruhusu muuzaji kuishikilia mpaka alipwe.

Akigoma kabisa, aitwe kwanza mbele ya mtu anayemheshimu: mzee wa ukoo, balozi, mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Madeni mengi huishia hapo. Yasipoishia hapo, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha, kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo, lakini hakimu ataomba ushahidi, na hapo ndipo sahihi ya mteja kwenye daftari inapopata thamani yake. Tusikimbilie polisi. Deni ni suala la madai, si jinai, isipokuwa kama kulikuwa na udanganyifu tangu mwanzo. Kumtisha jirani kwa pingu kwa ajili ya sh. 18,000 ni kununua uadui wa miaka ishirini.

NENO KWA WAHISANI

Tunaomba mambo mawili. Msidai taarifa isiyo na wadaiwa hata mmoja, maana mtaipata, na haitakuwa ya kweli. Badala yake ombeni orodha ya wadaiwa ikiwa imegawanywa kwa umri wa deni: la chini ya mwezi, la mwezi mpaka mitatu, na la zaidi ya hapo. La tatu hilo ndilo la kuulizia. Pili, kikundi kinapoomba kuongezewa mtaji, msitume fedha kabla ya kuona daftari la mauzo. Mtaji mpya juu ya madeni ya zamani huwafikia wadaiwa kabla haujawafikia kuku.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Mweka hazina asome kwa sauti jumla ya fedha zote zilizo kwa wateja, kisha jumla ya mtaji wa kikundi. Andikeni namba hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine.

2. Tafuteni faida ya bidhaa yenu moja, kisha mhesabu ni ngapi zinapaswa kuuzwa kufidia moja isiyolipwa.

3. Je, parokia au taasisi zake zinadaiwa na kikundi chochote? Kiasi gani, tangu lini, na nani katika kamati atakwenda kulipa?

4. Chagueni wadaiwa watatu. Pangeni nani atakwenda kwa nani, mkizingatia ukwe, na leteni majibu pamoja na stakabadhi.